Wapashtuni wa Australia: kwa nini ngamia ni wengi na watu ni wachache

Australia ina ngamia pori wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Makadirio yaliwahi kufika milioni moja, yakarekebishwa, kisha serikali ikaendesha msako wa miaka minne wa kuwapunguza kwa risasi, mara nyingi kutoka kwenye helikopta. Msako ulipoisha mwaka 2013 walikadiriwa kubaki laki tatu hivi. Hakuna hata mmoja mwenye asili ya bara hilo. Ni uzao wa ngamia walioteremshwa bandarini kuanzia karne ya 19, wengi wakitokea Karachi na pande nyingine za India ya Waingereza, wakifuatana na wanaume waliojua kuwalisha, kuwatibu, kuwafunga mizigo na kuwaongoza jangwani. Wanaume hao wanakadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 4,000, na kundi kubwa miongoni mwao lilikuwa la Wapashtuni, watu wa pande zote mbili za mpaka wa leo wa Afghanistan na Pakistan.

Ngamia wameijaza nchi. Watu je? Ukienda leo kwenye miji ya jangwani ya Marree, Oodnadatta au Broken Hill ukitafuta jamii ya Wapashtuni iliyotokana na wale wa mwanzo, inayoongea Kipashto na kuozana yenyewe kwa yenyewe, hutaipata. Utakuta mitende, makaburi yaliyoelekezwa kibla, msikiti wa mabati uliogeuzwa makumbusho, na majina ya ukoo kama Khan na Mahomet yakibebwa na watu ambao wengi si Waislamu. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba lori lilikuja, ngamia akakosa kazi, na mwenye ngamia akarudi kwao. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Lori linaeleza kwa nini kazi ile iliisha. Halielezi kwa nini waliokuwa wakiifanya hawakuwa na familia za kutosha kuendelea na kazi nyingine, kama walivyofanya Wajerumani na Waairishi waliofika zama zizo hizo. Jibu la hilo limo kwenye mikataba na vitabu vya sheria.

Waafghani wasiotoka Afghanistan

Tuanze na fundo la kwanza. Wazungu wa Australia waliwaita wote Waafghani, au kwa mkato "Ghan". Ndani ya jina hilo walikuwemo Wapashtuni wa Kandahar na Ghazni, ambao kweli walikuwa raia wa Amiri wa Kabul. Walikuwemo Wapashtuni wa Peshawar na mabonde ya jirani, ambao walikuwa chini ya Waingereza. Walikuwemo Waafridi wa Tirah, eneo ambalo Waingereza walilidai lakini hawakuweza kulitawala sawasawa. Na walikuwemo wasio Wapashtuni kabisa: Wapunjabi, Wasindhi, watu wa Rajasthan, na Wabulushi, ndugu wa wale ambao huko Mombasa na Zanzibar walifika kama askari wa watawala wa Oman. Bejah Dervish, mmoja wa wanaokumbukwa zaidi, aliyeongoza ngamia katika msafara wa utafiti wa Calvert mwaka 1896 na kufa mwaka 1957, alikuwa Mbulushi. Hata Mhindu hakukosekana. Katika msafara maarufu wa utafiti wa Burke na Wills mwaka 1860 kulikuwa na mmoja aitwaye Samla, ambaye aliacha kazi siku za mwanzoni kabisa kwa sababu posho ya chakula ilikuwa nyama ya ng'ombe.

Mpaka uliowagawa Wapashtuni, ule uliochorwa na Mortimer Durand mwaka 1893, uko maelfu ya kilomita kutoka Marree. Mtaani haukuwa na maana yoyote, kwa kuwa mwenye kilemba alikuwa Mwafghani, basi. Ofisini ulikuwa na maana kubwa, na nitaurudia hapa chini, maana ndio uliokuja kuamua nani apate pensheni na nani azeeke bila senti.

Mkataba wa miaka mitatu

Ngamia wa kwanza kufika Australia hakuja na Mpashtuni. Alitoka visiwa vya Kanari mwaka 1840, akapewa jina la Harry, na anakumbukwa kwa kumyumbisha bwana wake, mvumbuzi John Horrocks, mwaka 1846 hadi bunduki ikafyatuka na kumjeruhi. Horrocks akafa kwa jeraha hilo. Funzo walilolipata Wazungu ni kwamba mnyama huyu anahitaji mtu wake.

Mwaka 1860 ngamia wapatao 24 waliteremshwa Melbourne pamoja na waendeshaji wao kwa ajili ya msafara wa Burke na Wills. Mmoja wao, Dost Mahomet, aliumizwa mkono na ngamia dume kiasi kwamba hakuweza tena kuutumia, akaishia Menindee na kuzikwa huko. Mambo yalishika kasi mwaka 1866, pale tajiri Thomas Elder alipoleta Port Augusta ngamia zaidi ya 120 na wanaume 31, akaanzisha kituo cha kuwazalisha huko Beltana. Zingatia neno kuwazalisha. Ngamia walipangiwa makazi ya kudumu tangu siku ya kwanza, madume na majike. Wanaume walipewa mkataba, kwa kawaida wa miaka mitatu, na mwisho wake ilikuwa tiketi ya kurudi. Wanawake hawakuletwa.

Kazi waliyoifanya ndiyo iliyofungua katikati ya bara. Laini ya telegrafu iliyokamilika mwaka 1872 kati ya Adelaide na Darwin ilihudumiwa na ngamia. Mwaka 1873 mvumbuzi William Gosse alipofika kwenye lile jiwe kubwa la Uluru, aliyepanda naye hadi juu alikuwa Kamran, mmoja wa waendesha ngamia wake. Vitabu vya shule kwa miaka mingi vilimtaja Gosse peke yake. Mashamba ya kondoo yaliyokuwa mbali na reli yalipelekewa unga, chai, mabati na nyaya za uzio, na ngamia wakarudi na marobota ya sufu. Dume mwenye nguvu alibeba hadi kilo 600. Farasi na maksai walihitaji maji kila siku, ngamia alikwenda siku kadhaa bila kunywa, na katika mwaka wa ukame hiyo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya shamba lililopata chakula na shamba lililohamwa.

Baadhi yao hawakubaki vibarua. Ndugu wawili Faiz na Tagh Mahomet walijenga biashara ya usafirishaji kuanzia Marree hadi machimbo ya dhahabu ya Coolgardie, wakimiliki mamia ya ngamia. Tagh aliuawa mwaka 1896 kwa risasi akiwa katika sala, msikitini Coolgardie, na aliyemuua alikuwa Mwafghani mwenzake, jambo linalotukumbusha kwamba jamii hii haikuwa na umoja ule ambao masimulizi ya sifa hupenda kuuonyesha. Abdul Wade wa Bourke alikwenda mbali zaidi: alioa mwanamke wa Kizungu, akanunua shamba kubwa la mifugo, akavaa suti, akapata uraia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijitolea kuipa serikali ngamia wake. Wenzake wa Kizungu waliendelea kumcheka kwa kujifanya bwana shamba, na mwaka 1923 aliondoka Australia.

Upande wa pili wa reli

Reli ilifika Marree mwaka 1884, nao mji ukagawanyika kwa reli yenyewe. Upande mmoja hoteli, posta na Wazungu. Upande wa pili Waafghani na Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara hilo. Mpangilio kama huo ulijirudia katika miji mingi, na mitaa ya upande ule iliitwa "Ghantown". Huko walijenga misikiti, kwanza ya udongo na mabati. Ule wa Adelaide, uliojengwa mwaka 1888 na 1889 kwa mawe, ungali unaswaliwa hadi leo. Minara yake iliongezwa mwaka 1903. Mzee aliyekwisha chakaa kwa kazi za jangwani aliweza kwenda kumalizia siku zake pale, kwenye vyumba vya uani.

Chuki dhidi yao ilikuwa na sababu ya fedha kabla ya kuwa ya rangi, ingawa haikuchukua muda kuwa vyote viwili. Waendesha mikokoteni ya maksai na farasi walikuwa wananyang'anywa soko. Vyama vya wafanyakazi viliona kwamba matajiri huwatumia Waafghani kusafirisha sufu pale watu wao wanapogoma, na hilo lilikuwa kweli. Machimboni palikuwa na ugomvi wa maji: mwaka 1894, huko Australia Magharibi, Mzungu aliwapiga risasi na kuwaua Waafghani wawili penye kisima kwa ugomvi ulioanzia kwenye kunawa miguu. Mahakama ilimwachia.

Halafu kuna tukio la Broken Hill la tarehe 1 Januari 1915, ambalo ndilo pekee Waaustralia wengi wanalijua. Badsha Mahommed Gool, Mwafridi aliyeuza aiskrimu kwa mkokoteni, na Mullah Abdullah, mzee aliyekuwa imamu na mchinjaji, waliishambulia kwa bunduki treni iliyojaa watu waliokwenda mandarini, wakiwa wameinua bendera ya Uturuki. Waliua watu wanne, na wao wenyewe wakauawa siku hiyohiyo. Mullah Abdullah alikuwa ametozwa faini siku chache kabla kwa kuchinja nje ya machinjio yaliyoruhusiwa. Jioni umati ulichoma klabu ya Wajerumani, kisha ukaelekea kambi ya Waafghani, polisi wakauzuia. Tukio hili linastahili kuelezwa, lakini hupewa uzito usio wake. Milango mikubwa ilikuwa imekwisha fungwa zaidi ya miaka kumi kabla ya siku ile.

Sheria tatu na mtihani wa imla

Makoloni ya Australia yaliungana kuwa nchi moja tarehe 1 Januari 1901, na miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa za bunge jipya ilikuwa ile ya kuzuia uhamiaji. Haikutaja rangi ya mtu. Ilisema ofisa anaweza kumtaka anayeingia aandike imla ya maneno 50 katika lugha ya Ulaya, na ofisa ndiye aliyechagua lugha. Aliyejua Kiingereza angeweza kusomewa lugha nyingine. Mtihani huo uliundwa ili watu washindwe, na uliendelea kutumika hadi mwaka 1958.

Kwa mwendesha ngamia aliyekwisha kuwa ndani, maana yake ilikuwa hivi: akitaka kwenda kwao kuzika, kurithi au kuoa, ni lazima aombe kabla cheti cha kusamehewa imla. Cheti hicho kilikuwa na picha yake ya mbele na ya ubavuni na alama ya kiganja. Maelfu ya vyeti hivyo vya watu wa Asia bado vimehifadhiwa, na ndiko nyuso zao tunakozijua. Mwaka 2016 msanii Peter Drew alichukua picha ya mmoja wao, mchuuzi aitwaye Monga Khan, akaibandika kwenye kuta za miji akiwa ameandika chini yake "AUSSIE". Cheti kilimruhusu mwenye nacho kurudi. Hakikumruhusu kurudi na mke.

Sheria ya pili, ya mwaka 1902, iliwanyima kura ya shirikisho wenyeji wa Asia na Afrika, isipokuwa waliokuwa nayo tayari katika majimbo yao. Ya tatu, ya mwaka 1903, iliwazuia kuomba uraia. Mwaka 1908 ikaja sheria ya pensheni ya uzee, nayo ikawaacha nje Waasia wasiozaliwa Australia.

Hapa ndipo mstari wa Durand unapoingia mjini Marree. Mwaka 1925 waliozaliwa India ya Waingereza walifunguliwa kura, na mwaka uliofuata pensheni, kwa sababu India ilikuwa inadai heshima ndani ya himaya. Mpashtuni wa Peshawar akaingia. Mpashtuni wa Kandahar, aliyefunga mizigo pamoja naye kwa miaka 30 na kuswali nyuma ya imamu mmoja, akabaki nje.

Mwaka huohuo wa 1925 Australia Kusini ilipitisha sheria ya kuruhusu ngamia wazururaji wapigwe risasi. Lori lilikuwa limeshinda. Wengi walishindwa kuwaua wanyama waliowalea, wakawafungulia waende porini. Ndio hao laki tatu.

Watoto walikwenda wapi

Mwanamume aliyezuiwa kuleta mke ana njia tatu: akae bila mke, arudi kwao, au aoe alipo. Waliokaa bila mke walikuwa wengi, na ukoo wao uliishia kwao. Bosnia ilipotuma wakimbizi Waislamu Adelaide baada ya Vita Kuu ya Pili, walikuta msikitini wazee wachache wa vilemba wakingoja siku zao. Wa kipekee miongoni mwa wazee wa mji huo alikuwa Mahomet Allum wa Kandahar, mwendesha ngamia aliyegeuka tabibu wa mitishamba. Aliwatibu watu bure, akatozwa faini mwaka 1935 kwa kujifanya daktari, akapata umaarufu zaidi kwa kesi hiyo, akafa mwaka 1964 akisemekana kupita miaka 100.

Waliooa Wazungu walikuwa wachache, na wanawake wenyewe walilipa gharama. Familia iliwatenga, kanisa liliwatazama vibaya, na kwa sheria ya uraia ya mwaka 1920 mwanamke aliyeolewa na mgeni alichukua uraia wa mumewe, yaani alikuwa mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Wengi walioa Waaborijini, na mlango huo nao ulikuwa na bawabu. Australia Magharibi, kwa sheria ya mwaka 1905, mwanamke Mwaborijini hakuweza kuolewa na mtu asiye Mwaborijini bila ruhusa ya Mlinzi Mkuu wa Waaborijini. Kisa cha Jack Akbar na Lallie Matbar ndicho kinachosimuliwa zaidi. Waliomba ruhusa miaka ya 1920, A. O. Neville, aliyekuwa Mlinzi Mkuu, akakataa, Lallie akachukuliwa na kupelekwa makazi ya serikali, akatoroka, na wawili hao wakavuka jangwa kuingia Australia Kusini, huko sheria ya Neville ilikokuwa haifiki. Walikamatwa njiani mwa masaibu hayo, lakini mwisho walioana.

Watoto wa ndoa za namna hii walilelewa na mama, kwa lugha ya mama, mara nyingi baba akiwa safarini kwa miezi. Serikali iliwaandika kuwa Waaborijini chotara, na hilo liliwaweka hatarini kuchukuliwa na kupelekwa kwenye taasisi. Familia nyingine zilificha upande wa baba, nyingine upande wa mama, kutegemea upi uliokuwa na hatari kidogo mwaka huo. Kipashto kilikuwa lugha ya baba na wazee wenzake, kilikufa nao. Kilichobaki ni ufundi. Sallay Mahomet wa Alice Springs, mtoto wa mwendesha ngamia, alikuwa bado anakamata na kufunza ngamia pori miaka ya 1970. Na kuna treni: ile inayokwenda Alice Springs, na tangu mwaka 2004 hadi Darwin, inaitwa The Ghan. Reli hiyo ndiyo iliyowanyang'anya mizigo, ikarithi jina lao.

Wajukuu na vitukuu wako maelfu. Ila wengi wanapojaza sensa huandika Mwaborijini au Mwaustralia, na wana haki kamili ya kuandika hivyo. Anayewahesabu Wapashtuni kwa kujumlisha safu ya "Afghanistan" hatawaona.

Waafghani wa leo ni watu wengine

Fundo la mwisho ndilo linalowapotosha hata waandishi wazuri. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu karibu watu 60,000 waliozaliwa Afghanistan, wengi wakiishi Melbourne, hasa pande za Dandenong, na Sydney. Kila anapotokea mwanasiasa wa kuwakaribisha, husema jamii yao ina zaidi ya miaka 150 nchini. Si hivyo. Waliofika baada ya Wasovieti kuivamia Afghanistan mwaka 1979, na hasa waliokuja kwa boti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakiwakimbia Taliban, kwa sehemu kubwa ni Wahazara, Washia wanaoongea Kihazara, lahaja ya Kiajemi. Miaka ileile ya 1890 ambapo Faiz na Tagh walikuwa wakitajirika Coolgardie, Amiri Abdur Rahman, Mpashtuni, alikuwa akiwapiga vita Wahazara, akiwapora ardhi na kuwauza utumwani. Kuwaambia Wahazara kwamba waendesha ngamia ni babu zao ni ukarimu wenye ujinga ndani yake. Hata hivyo baadhi ya Wahazara wenyewe wanaitumia hadithi hiyo, na siwalaumu. Mkimbizi huchukua kila hoja inayomsaidia kukubaliwa.

Wapashtuni wapya nao wapo. Wengine wametoka Afghanistan, wakiwemo waliokuwa miongoni mwa watu wapatao 4,100 waliosafirishwa na Australia kutoka Kabul Agosti 2021, baadhi yao wakiwa wakalimani wa jeshi. Wengine ni wanafunzi, madaktari na wahandisi kutoka Peshawar na Swat, na hao sensa huwaandika wamezaliwa Pakistan. Wanakuja na wake zao, wanazaa, wanafungua shule za Kipashto za mwisho wa wiki, na wengi wao wamesikia habari za Marree kwa mara ya kwanza wakiwa Australia, kwenye kitabu cha shule cha mtoto.